Wasomaji Wanauliza: Nikienda kwa TA wataniona kilaza?

Safari hii nimeweka maswali matatu, yote ya mambo ya chuo. La kwanza nimelijibu kwa urefu maana najua wapo wengi wanaoliwaza kimoyomoyo na hawathubutu kuuliza.

SWALI: Shikamoo mama. Mi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hapa Tabora, nasoma ualimu. Testi ya kwanza ya statistiki nimepata 7 kwa 20. TA wetu (tutorial assistant, yule mwalimu msaidizi wa semina) alishatuambia ana muda wa kuonana na wanafunzi kila Jumatano mchana, ila darasani kwetu ukionekana unaenda huko basi we ni kilaza, wenzangu wanasema piga msuli tu, desa za mwaka jana (majibu ya kunakili) zinatosha. Af mi ni mtoto wa kike na TA ni mwanaume kijana, naogopa maneno ya watu na naogopa mengine pia, nadhani umenielewa. UE (mtihani wa mwisho wa semista) inakaribia naogopa sapu, kurudia mtihani, mama, nifanyeje? – *Mwaka wa Kwanza, Tabora*

JIBU: Marahaba mwanangu. Nenda. Nenda Jumatano hii hii, hofu zako ntazigusa zote ila uamuzi ndo huo.

Kwanza ujue TA ni nani maana wengi mnamwona kama msahihishaji wa mitihani tu. Kwenye ngazi za walimu wa vyuo vikuu huku kwetu yeye ndo yuko chini kabisa, juu yake kuna mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, ndo unafika kwa maprofesa. Ana digrii moja, na matangazo ya kazi hiyo kwa kawaida yanataka GPA, yaani wastani wa alama za digrii, ya 3.8 kwenda juu, yaani ni mtu aliyefaulu vizuri na miaka michache tu iliyopita alikuwa anakaa kwenye vimbweta, zile meza na viti vya nje chuoni, anahangaika na statistiki hiyo hiyo. Kazi yake ni kuendesha semina, kusahihisha, na kukaa na nyie pale lekcha inapokuwa imewapita juu ya kichwa. Ukimfuata saa aliyotenga mwenyewe humsumbui, ndo kazi yake hiyo.

Sasa hili la kilaza. Unajua mfumo wa kredit wa TCU, tume inayosimamia vyuo vikuu, unahesabu kredit 1 kuwa masaa 10 ya kazi ya mwanafunzi? Kwa hiyo somo la kredit 10 ni masaa 100, na mwaka mzima wenye kredit 120 ni masaa 1,200. Ukijumlisha lekcha zako zote za somo moja kwa semista utaona ni kipande tu cha hayo masaa, yanayobaki ni semina, asaimenti, kusoma mwenyewe, kuuliza. Yaani waliopanga digrii walishajua lekcha peke yake haitoshi kwa mtu yeyote. Anayeishia kwenye lekcha na desa ndo anaacha nusu ya shule nje.

Na kuna jambo nalipenda sana kutoka Marekani, chuo kikuu cha Missouri pale Kansas City. Mwaka 1973 mama mmoja anaitwa Deanna Martin alianzisha utaratibu wa kusaidia wanafunzi ambao leo umesambaa nchi nyingi. Yeye hakwenda kutafuta wanafunzi dhaifu, alitafuta masomo magumu, yale ambayo kila mwaka watu wengi wanaanguka. Halafu kwa kila somo la namna hiyo akawekwa mwanafunzi aliyelifaulu tayari, anaingia tena lekcha zote na wenzake, baadaye anakaa nao kwenye vikao wanalichambua pamoja, na anayetaka kuja anakuja, wa A na wa D wanakaa meza moja. Hakuna anayeonekana kilaza kwa sababu tatizo limebandikwa kwenye somo. Statistiki mwanangu ni somo la aina hiyo, imewahenyesha wengi kabla yako.

Sasa unaendaje? Usiende mikono mitupu ukasema "sijaelewa statistiki", hapo hata malaika hajui aanzie wapi. Chagua swali moja ulilokosa kwenye testi, lijaribu upya kwenye karatasi mpaka pale unapokwama, usifute kitu, beba karatasi hiyo hiyo. Ngoja nikuonyeshe. Tuseme umepewa namba 4, 6 na 8 utafute standadi diviesheni, yaani namba zimeachana kiasi gani na wastani wake. Wastani ni 6, hapo sawa. Umetoa wastani kwenye kila namba ukapata -2, 0 na 2, ukajumlisha ukapata 0, ukakwama, ukaandika jibu 0 ukaendelea na swali lingine. TA mzuri akiona karatasi hiyo hakuandikii fomula, anakuuliza, hizi namba tatu zinalingana? Hapana. Sasa mbona jibu lako linasema hazijaachana hata kidogo? Hapo unatulia, unaiangalia -2 unaiangalia 2, unagundua zimeuana. Ndipo mwenyewe unaona kwa nini zinapandishwa kipeo cha pili, zinakuwa 4, 0 na 4, jumla 8, kama ni sampuli unagawa kwa 2 unapata 4, kipeuo chake 2. Zile dakika tano hakuna desa litakupa. Desa lina jibu la namba za mwaka jana, lakini lile "kumbe!" halimo. Pepa za zamani zipitie kwa ajili ya kuzoea maswali yanavyokuja, ila ukizikariri wakabadilisha namba umekwisha.

La mwisho, lile uliloliandika nusu nusu. Nimekuelewa na siwezi kulipita. Usiende peke yako, chukua wenzako wawili, na nakuhakikishia kuna wengine wamepata 7 kama wewe na wamenyamaza. Nenda saa iliyotangazwa, ofisini, mlango wazi, au muombeni akae nanyi hapo nje kwenye vimbweta. TA mwenye nia safi atafurahi hivo maana na yeye inamlinda. Ikitokea mtu anataka mkutane gesti au anakwambia maksi zako ziko mikononi mwake, hayo si maswala ya taaluma tena, ni rushwa ya ngono, sheria ya kuzuia na kupambana na rushwa ya mwaka 2007 imeitaja kwenye kifungu cha 25. Meseji zake usifute hata moja. Peleka kwa mshauri wa wanafunzi au dawati la jinsia kama chuo chenu kinalo, na TAKUKURU wanapigiwa bure kwa 113. Lakini usikubali hofu ya mtu mmoja ambaye hata hajatokea ikunyime msaada ambao ni haki yako. Walimu wanaofanya kazi yao kwa moyo ni wengi, mi nimewaona.

SWALI: Shikamoo dada. Nasaidia wanafunzi wa masomo ya mbali hapa Kigoma mjini. Karibu wote wamenizidi umri, kuna wauguzi, walimu wa msingi, kuna mama mmoja asubuhi yuko Kibirizi anauza dagaa jioni anasoma sosholojia. Wananipenda ila asaimenti ikikaribia wanasema mwanetu hebu tuandikie hii tu, tumechoka. Nikikataa naona kama namkosea adabu mtu mzima. Halafu nikifundisha naongea masaa mawili wao ndio, ndio, nikiuliza swali kimya. Nakosea wapi? – *Mwalimu Kijana, Kigoma*

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera, kazi yako haina makofi lakini watu wanamaliza digrii kwa ajili yake. Chuo Kikuu Huria chetu kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na mwaka wa kwanza wa masomo ukaanza 1994, kwa ajili ya watu hao hao, mwenye zamu ya usiku hospitali, mwenye watoto wanne, mwenye meza sokoni. Hawa wakikosa mtu wa kuwashika mkono hapo Kigoma wanaacha kimya kimya, hakuna hata wa kujua waliacha lini.

Kuandika asaimenti ya mtu usiandike. Adabu inabaki pale pale, shikamoo yake mpe, kiti mpe, ila kalamu isihame mkono wake. Mwambie "mama, andika wewe sentensi ya kwanza, mi nakaa hapa mpaka umalize aya." Na ukae kweli. Mara nyingi anayeomba aandikiwe anaogopa ule ukurasa mweupe tu, akishapata mistari mitatu ya kwake mwenyewe uoga unapungua na utashangaa anaendelea.

Kuhusu ndio ndio, huku kwetu mtu mzima anakuitikia kwa heshima, haina maana ameelewa. Punguza kuongea. Ukieleza dakika kumi nyamaza, mwambie mmoja wao akueleze wewe kama anamweleza jirani yake ambaye hajasoma. Ukiuliza swali subiri, kimya kikizidi usikimbilie kujibu mwenyewe, hapo ndo watu wanafikiri. Na anzia kwenye wanachokijua. Yule mama wa Kibirizi muulize, mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wa taa hawaendi ziwani, dagaa wanapungua, nani anapanga bei siku hizo? Nani anakopeshwa na nani hakopeshwi, na kwa nini huyu anaaminiwa yule haaminiwi? Atakueleza nusu saa bila kushika daftari, na humo ndani kuna tabaka, mtandao wa watu, uaminifu, mamlaka, sosholojia yote imo. Kazi yako ni kumwonyesha kwamba alichosema kina jina kwenye kitabu, ukurasa fulani, na sasa akiandike.

Kitu kingine ni maoni unayoandika kwenye karatasi zao. Kule Uingereza, Open University ya kwao ilipata hati mwaka 1969 na kupokea wanafunzi 1971, na tangu mwanzo maoni ya mwalimu pembeni ya asaimenti yakachukuliwa kuwa ni ufundishaji wenyewe, maana mwanafunzi wa mbali ile karatasi ndo darasa lake. Ukiandika "fafanua" tu umemwacha njiani. Mwambie hapa umetoa mfano mzuri lakini hujasema unathibitisha nini, ongeza sentensi moja. Mambo mawili au matatu kwa karatasi yanatosha, ukijaza wino mwekundu kila mstari anakata tamaa.

Na wewe mwenyewe jilinde, weka saa zako. Meseji ya WhatsApp ya saa sita usiku inaweza kusubiri asubuhi.

SWALI: Mwangaluka binti yangu. Mimi mkulima wa tumbaku Urambo. Kijana wangu yuko mwaka wa tatu, ameomba laki tatu ya mtu wa kumsaidia risechi, anasema chuoni wote wanafanya hivyo. Risechi yake ni habari za wakulima wa tumbaku na vyama vya msingi. Je hiyo ni ada ya chuo? – *Mzazi, Urambo*

JIBU: Mwangaluka baba, na shikamoo. Hapana, hiyo si ada ya chuo. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anayeandika risechi anapangiwa supavaiza, mwalimu wa kumwongoza tangu mada mpaka sura ya mwisho, na kumwona supavaiza hakulipiwi pembeni. Muulize kijana supavaiza wake ni nani, mara ya mwisho walionana lini, alimwambia arekebishe nini. Akijibu bila kusita basi risechi iko hai. Akianza kuzunguka, ujue hajaenda, na mara nyingi hajaenda kwa sababu alichelewa mara ya kwanza akaona aibu, af aibu ikaongezeka. Mwambie aende hivyo hivyo na alichonacho hata kama ni kurasa mbili, masupavaiza wamezoea.

Kuna pesa za halali, asikudanganye mtu, nauli ya kwenda kukusanya data, kuchapa dodoso, kuprinti na kubaindi, hata kumlipa mtu amfundishe kutumia SPSS, programu ya kompyuta ya kuchambua data, akaweka data mwenyewe. Hizo akuandikie moja moja kwenye karatasi na bei zake. Ila kumlipa mtu amwandikie ni udanganyifu, chuo kikigundua kinaweza kumfutia matokeo, na hata kisipogundua siku ya kuitetea mbele ya walimu ataulizwa kwa nini umechagua sampuli hii, atabaki anatazama dari.

Na baba, mada yake ni tumbaku na AMCOS, hivyo vyama vyenu vya msingi. Huyo mtu wa laki tatu pengine hajawahi kufunga hata belo moja. Wewe unajua pembejeo za mkopo zinavyokuja, makato yanavyokatwa, gredi inavyoshuka siku ya soko, unajua wakulima gani watakubali kuongea na wapi wanapatikana. Mtumie nauli ya kuja Urambo, aje na dodoso lake, umtembeze kwa wakulima wenzako kijiji kwa kijiji, na jioni mkiwa nyumbani akusomee aliyoyaandika. Pale utakapoona amekosea jinsi mambo yanavyokwenda mwambie, na yeye ayapeleke hayo kwa supavaiza.