Jibu: Bakapu ya databesi ya duka la dawa inakwenda kila usiku kwenye flashi, inatosha?

Mkuu, umesema una seva moja ya Ubuntu, PostgreSQL (programu ya databesi) yenye databesi ya GB 6 hivi, cron (kipanga ratiba cha Linux) inaita skripti saa nane usiku, faili linaangukia kwenye flashi iliyochomekwa nyuma ya mashine hiyo hiyo, na mwaka mzima hujaona kosa. Haitoshi. Tena flashi siyo shida ya kwanza. Shida ni hilo la "sijaona kosa", kwa sababu hakuna mahali ulipopanga kosa lionekane.

Tazama mstari wenyewe wa skripti yako:

`pg_dump duka | gzip > /mnt/flashi/duka-$(date +%F).sql.gz`

Hapo pg_dump inatoa nakala ya databesi, gzip inaibana. Amri mbili zikiunganishwa kwa bomba (ile alama ya |), bash inayoendesha skripti inaripoti matokeo ya ile ya mwisho tu. pg_dump ikikatika mwanzoni, gzip inafunga ule utupu vizuri kabisa na kurudisha 0 (yaani imefaulu), nawe unabaki na faili lenye jina zuri, tarehe ya leo na baiti 20. Ikikatika katikati ni mbaya zaidi, maana ukubwa unaweza kukudanganya. Dawa ni `set -o pipefail`, inayohesabu bomba zima limeshindwa amri yoyote ikishindwa, au kuacha bomba kabisa.

Halafu flashi ikichomoka, au isipopachikwa baada ya umeme kukatika na kurudi, /mnt/flashi inabaki kuwa folda ya kawaida kwenye diski kuu. Bakapu zitaandikwa humo kila usiku hadi diski ijae, PostgreSQL ishindwe kuandika, na duka lisimame. Yaani bakapu ndiyo inaua seva. `mountpoint -q`, inayokagua kama kweli kuna diski iliyopachikwa hapo, inazuia hilo. Umefanya vema kuweka amri ndani ya skripti badala ya crontab (faili la ratiba za cron), kwani kwenye crontab alama ya % hugeuzwa kuwa mstari mpya na amri hukatwa pale pale, usipoiandika `\%`.

Usidhani haya ni ya wanaoanza. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab (kampuni ya kuhifadhi msimbo wa programu) alifuta folda ya data kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye ile ya akiba. Walipokwenda kwenye bakapu za pg_dump hazikuwepo: iliyokuwa ikiendeshwa ni pg_dump ya toleo la 9.2 wakati databesi ni 9.6, ikawa inagoma kila siku. Barua pepe za kosa zilikuwa zikitumwa, ila zilikataliwa njiani kwa sababu ya DMARC (kanuni ya kuthibitisha mtumaji wa barua pepe), kwa hiyo hakuna aliyezisoma. Kilichowaokoa ni nakala ya papo hapo ya LVM (mfumo wa Linux wa kugawa diski) ambayo mtu aliichukua kwa mkono saa sita hivi kabla, kwa shughuli nyingine.

Andika hivi, iendeshwe kama mtumiaji postgres. /mnt/nje ni diski ya nje itakayochukua nafasi ya flashi, restic ni programu ya bakapu, na hazina ni folda inamohifadhi:

```
#!/bin/bash
set -euo pipefail
mountpoint -q /mnt/nje
D=/var/bakapu
pg_dump -Fc -Z0 -f $D/duka.mpya duka
pg_restore -f /dev/null $D/duka.mpya
mv $D/duka.mpya $D/duka.dump
pg_dumpall --globals-only > $D/watumiaji.sql
restic -r /mnt/nje/hazina -p /etc/restic.siri backup $D
curl -fsS -m 10 --retry 5 ANWANI_YAKO
```

Mstari wa pg_restore una sababu. Wengi hukagua kwa `pg_restore -l`, lakini hiyo inasoma orodha ya yaliyomo tu, ambayo iko mwanzoni mwa faili. Faili lililokatika katikati litapita bila neno. Ukilielekeza lote kwenye /dev/null, linasomwa hadi mwisho. Mstari wa pg_dumpall nao usiuache: pg_dump haibebi watumiaji wa databesi wala manenosiri yao, na utaligundua hilo siku ya kurudisha, programu ya mauzo ikikataliwa kuingia.

Kuhusu -Z0, yaani pg_dump isibane: restic hukata data vipande na kuhifadhi vile vipya tu. Ukiipa faili lililobanwa tayari, badiliko dogo la mauzo ya leo linabadilisha karibu faili zima kuanzia hapo, na kila usiku unahifadhi bakapu nzima upya. Mpe data isiyobanwa. Restic tangu toleo la 0.14 inabana yenyewe. Kusafisha za zamani: `restic forget --keep-daily 7 --keep-weekly 4 --keep-monthly 12 --prune`, mara moja kwa wiki.

Sasa ile curl ya mwisho, inayogusa anwani ya mtandao. Waswahili husema kimya kingi kina mshindo mkuu, na kwenye bakapu ni kweli tupu. Usiiambie seva ikutumie ujumbe ikishindwa, kwa sababu seva iliyokufa haitumi kitu. Geuza: iguse anwani fulani ikifaulu, na huduma iliyoko kwingine ikupigie kelele isipoguswa hadi saa kumi alfajiri. Healthchecks inafanya kazi hiyo, na unaweza kuisimika mwenyewe, mradi isiwe kwenye seva hiyo hiyo. Kwa kuwa skripti ina `set -e`, curl haifikiwi hatua yoyote ya juu ikianguka.

Flashi badilisha. Weka diski mbili za nje zinazopokezana kila Jumamosi, moja iwe nyumbani, kwa sababu mwizi au moto havichagui kati ya seva na kilichochomekwa nyuma yake. Nakala ya tatu ipeleke mtandaoni. Tuseme hazina ya kwanza ni GB 2 na mtandao wako unapandisha Mbps 2: ni megabiti 16,000, kama saa mbili na robo, mara moja tu. Baada ya hapo ni mabadiliko ya siku. Upande wa pili tumia rest-server (seva ya kupokea bakapu za restic) yenye `--append-only` (kuongeza tu, bila kufuta), ili virusi vinavyofunga mafaili na kudai fidia vikiingia kwenye seva ya duka visiweze kufuta za zamani. Ile forget basi iendeshwe huko huko kwa nakala hiyo, si kutoka dukani.

Kurudisha: kila mwezi, kwenye mashine nyingine, `createdb jaribio`, kisha watumiaji.sql, kisha `pg_restore -d jaribio -j 2 duka.dump`. Pima muda kwa saa. Utakuwa mrefu kuliko wa kuchukua bakapu, kwa kuwa indeksi hazimo kwenye faili, zinajengwa upya. Halafu uliza tarehe ya muamala wa mwisho kwenye jedwali la mauzo. Kama si ya jana jioni, unahifadhi databesi isiyo yenyewe.

Ufuatiliaji wa seva usiujaze maonyo arobaini, utaanza kuyapuuza yote. Diski ikifika 80%, ujue. Angalia `df -h` na `df -i` pia, maana nafasi inaweza kuwepo na inodi (nafasi za kuorodhesha mafaili) zikaisha kwa mafaili madogo madogo. Ukifuta logi kubwa na nafasi isirudi, `lsof +L1` itakuonyesha programu ambayo bado imelishikilia faili lililofutwa. Kwa diski ya kuzunguka, usiridhike na neno PASSED la smartctl, amri ya kukagua afya ya diski. Tazama namba 5, 197 na 198, zinazohesabu sehemu mbovu za diski: zilizohamishwa, zinazosubiri na zisizosomeka. 197 ikianza kupanda, nunua diski wiki hiyo.

Huduma ya mauzo umeiwekea `Restart=always` na `RestartSec=5`, yaani iwashwe upya kila ikizima, baada ya sekunde 5. Kwa kawaida systemd, inayosimamia huduma za Linux, hukata tamaa huduma ikiwashwa mara 5 ndani ya sekunde 10. Kwa pengo la sekunde 5 haifiki hapo kamwe, itazimika na kuwaka usiku kucha bila kuhesabiwa imeanguka, na OnFailure yako (kinachoitwa huduma ikianguka) haitafanya kazi. Weka `StartLimitIntervalSec=300` chini ya [Unit], ili zile mara 5 zihesabiwe ndani ya sekunde 300.

UPS (kifaa cha kushikilia umeme ukikatika): betri ya 12V 7Ah hudumu miaka 3 hadi 5 penye ubaridi, chumba chenye joto kinaipunguza sana. Ijaribu kwa kuchomoa waya wa umeme duka likiwa limefungwa, si kwa kitufe cha mbele. Na kama kuna mtu alikushauri `fsync=off` (PostgreSQL isisubiri data ifike diskini) ili mauzo yaende haraka, irudishe on leo.

Nenosiri la restic liandike kwenye karatasi mbili, moja kwenye sefu ya duka, nyingine nje ya duka. Likipotea, hakuna njia ya kuifungua hazina, na /etc/restic.siri iko kwenye diski ile ile unayoiogopea.