Wastani umezidi, lakini je, tuamini? Maswali yenu kuhusu jaribio la t

Mitihani ya muhula imekaribia, na simu yangu imejaa maswali ya takwimu, hasa jaribio la t, yaani kipimo cha kuamua kama tofauti ya wastani ni ya kweli au ya bahati tu. Wengi walichagua saikolojia wakidhani wameikimbia hesabu. Pole zenu. Nimejibu manne.

Shikamoo mwalimu. Kwa nini tunaanza na dhana tete sifuri wakati hatuiamini? (Mwanafunzi, Makorora)

Marahaba. Tuseme umesikia machungwa ya muuzaji mmoja pale soko la Mgandini ni mazito kuliko ya jirani yake. Unanunua matano huku, matano kule, unapima. Wastani hautalingana hata kama yote yametoka shamba moja la Muheza, maana machungwa hayafanani uzito. Sasa tofauti uliyoiona ni ya kweli, au ni mkono wako tu ulivyookota?

Dhana tete sifuri ni yule mbishi wa barazani anayesema, "Hamna kitu hapo, ni bahati tu." Unamwachia aseme kwanza. Haya, tuchukulie ni kweli: basi tofauti kubwa kiasi hiki, au zaidi, ingetokea mara ngapi? Jibu ndilo linaloitwa thamani ya p. Ikiwa ni kwa nadra sana, mbishi ameishiwa maneno. Tena dai lake linahesabika. "Tofauti ni sifuri" inakupa namba ya kuanzia. "Tofauti ipo" haikupi chochote, kwa sababu hujasema ni kiasi gani.

Fomula ya t nimeikariri, lakini sijui inasema nini. (Msomaji, Chumbageni)

Inasema: gawanya tofauti kwa kuyumba kwake. Chukua kalamu.

Wanafunzi sita wanasomewa orodha mbili za maneno zenye ugumu uleule, moja chumba kikiwa kimya, nyingine redio ya jirani ikiunguruma dirishani. (Huku Ngamiani hilo la pili halihitaji maandalizi.) Tuseme kwenye ukimya walikumbuka zaidi kwa maneno 2, 1, 3, 0, 2 na 4. Wastani ni 2. Toa huo wastani kutoka kila namba, zidisha kila jibu kwa lenyewe, jumlisha: unapata 10. Gawanya kwa 5, ni 2. Kipeuo chake cha pili ni 1.41, huo ndio mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika. Ugawanye kwa kipeuo cha pili cha 6, unapata 0.577. Hilo ni kosa sanifu, yaani kadirio la jinsi wastani wenyewe ungeyumba kama ungerudia zoezi na watu wengine sita. Basi t ni 2 kugawanya kwa 0.577, yaani 3.46. Digrii za uhuru ni 5 (watu sita kutoa mmoja), na kwa kiwango cha 0.05, pande mbili (yaani tunakubali bahati itudanganye mara 5 kwa 100, tofauti ielekee juu au chini), jedwali la t linadai angalau 2.571. Umepita.

Sasa badilisha namba ziwe 9, −5, 8, −4, 7 na −3. Wastani ni 2 uleule! Lakini t inaanguka hadi 0.74, kwa sababu watu wamepishana mno. Kwa hiyo mtu akikuletea wastani mtupu, mwambie arudi na mkengeuko wake.

Nitajuaje kama ni jaribio la jozi au la makundi huru? (Muheza)

Uliza kama kila namba ina mwenzake. Watu walewale wakipimwa mara mbili, ni jozi. Watu wa Raskazone dhidi ya watu wengine wa Pangani, ni makundi huru, na hapo mimi hutumia la Welch, ambalo halidai makundi yatawanyike sawa.

Nilipata p ya 0.03, nikaandika kuna asilimia 97 kwamba dhana yangu ni kweli. Msimamizi amenikata kwa wino mwekundu. Nina watu 8 tu. Labda ndiyo sababu? (Msomaji, Pongwe)

Amekukata kwa haki, na si kwa sababu ya hao 8. Thamani ya p imehesabiwa kwa kuchukulia mbishi yuko sahihi; haiwezi tena kukuambia uwezekano wa yeye kuwa sahihi. Wavuvi wengi wa mwalo wa Deep Sea ni wanaume, lakini wanaume wengi wa Tanga si wavuvi. Umegeuza sentensi. Usijilaumu sana: mwaka 2016 chama cha wanatakwimu cha Marekani kilitoa tamko rasmi kuhusu p, na kosa hilo limo humo.

Na ukipata 0.06 kesho, usiandike "hakuna tofauti". Andika kwamba ushahidi haukutosha kuikataa dhana tete sifuri.

Kuhusu uchache, jaribio hili lilizaliwa kwa ajili ya sampuli ndogo. William Sealy Gosset alifanya kazi katika kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin, na mwaka 1908 alichapisha kazi yake kwa jina la kificho, Student, yaani mwanafunzi. Ila kwa watu 8 tofauti ndogo ya kweli itakuponyoka kirahisi. Ukitaka kuongeza wengine, amua idadi kabla hujachungulia p. Ukiongeza wawili, ukachungulia, ukaongeza tena wawili mpaka ishuke chini ya 0.05, hiyo 0.05 haina maana tena, na wino mwekundu utakurudia.