Mwenye kisasi akimpata adui, kwa nini amwache?

SWALI: Kikundi chetu cha maigizo kinaandika tamthilia ya wanyonya damu, sehemu 6. Shujaa anamwinda aliyemuulia mkewe, kila sehemu anamkosakosa. Tuliowasomea wanasema wamechoka kufikia sehemu ya 3. Holtz wa tamthilia ya Kimarekani ya Angel alimpata adui akamwacha, na hatukuchoka naye. Tumekosea wapi?
Msomaji, Kisauni

JIBU: Mmekosea hapo hapo kwenye kumkosakosa. Adui yenu anapona kwa sababu mwandishi hataki hadithi iishe, na mtazamaji analiona hilo.

Holtz hakumkosa. Mwaka 1764 wanyonya damu wawili, Darla na Angelus (ndiye Angel mwenyewe, kabla ya kubadilika), walimuulia mke na mtoto mchanga, bintiye Sarah wakamgeuza mnyonya damu. Kulipokucha ikambidi baba mwenyewe amtoe nje, aungue juani. Pepo anamvusha karne hadi Los Angeles ya 2001, na anapomlenga adui, anamkuta amepakata kichanga chake. Anashusha silaha. Si huruma hata kidogo: ameona kwamba sasa adui ana cha kupoteza. Anamwiba mtoto, anamlea kwa chuki katika ulimwengu mwingine, kisha anaomba atobolewe matundu mawili shingoni kwa chuma cha kuvunjia barafu, ili kijana aamini ni baba yake mzazi aliyemng'ata. Holtz anakufa, kisasi kinabaki hai. Na Angel alikwisharudishiwa roho kwa laana tangu 1898, kwa hiyo anayeadhibiwa ni mtu anayejuta. Hapo ndipo mtazamaji hajui amlilie nani.

Basi shujaa wenu amshike adui mapema, sehemu ya 2, kigingi kiwe kifuani, kisha achague mwenyewe kungoja. Ili uchaguzi huo uaminike, sehemu ya 1 tumwone adui na anayempenda, dakika mbili tu: anamsuka binti nywele barazani usiku. Msimwandike kama mumiani wa masimulizi ya mtaani. Yule hutafuta damu ya kufanyia dawa, hana jana yake, hana la kujutia.

Mauaji ya mke msiyaonyeshe yote mwanzoni, maana mtabaki bila la kufichua. Shikeni kitu kimoja, tuseme leso yake. Kwanza tuione kwenye kamba, imeanikwa. Baadaye kabatini, imekunjwa, pea yake haipo. Sehemu ya 5 tuione hiyo ya pili, mikononi mwa adui.