Kabla Hujanunua Beringi ya Gurudumu la Mbele

Mlio wa gurudumu la mbele huwagharimu wengi hapa Malindi, si kwa sababu beringi ni ghali mno, bali kwa sababu hununuliwa kabla mwenye gari hajahakikisha kwamba ndiyo inayolia, na ikiwa ndiyo, ni ya upande upi. Gari langu ni Land Cruiser kuukuu yenye ekseli moja ngumu mbele, ambayo hupita vumbi la Marafa na tope la chumvi la Gongoni, na haya ninayoyaeleza yametokana nalo. Land Rover na Hilux za zamani zenye ekseli ya namna hiyo hazitofautiani sana.

Anza uchunguzi barabarani. Tafuta kipande cha lami kilichonyooka, wakati ambapo magari ni machache. Mimi hupendelea kile cha baada ya daraja la Sabaki kuelekea Mambrui. Ufikie mwendo ambao mlio husikika vizuri, kisha toa gia uliache gari lijiendee. Mlio ukishuka papo hapo pamoja na injini, tafuta kwingine. Ukiendelea na kupungua tu kadiri mwendo unavyopungua, kinacholia kinazunguka pamoja na magurudumu, ingawa bado huenda kikawa tairi, kwa kuwa tairi za meno makubwa zilizolika vibaya huvuma karibu sawasawa na beringi mbovu. Tofauti ni kwamba tairi hubadilisha sauti lami inapobadilika, ilhali beringi haijali sana barabara. Ukibaki na shaka, hamishia tairi za mbele nyuma. Mlio ukihama nazo, pesa yako imepona.

Kisha, ukiwa katika mwendo wa wastani, kunja usukani kidogo kushoto, halafu kulia. Unapokunja kushoto uzito huegemea gurudumu la kulia, kwa hiyo mlio ukizidi hapo, beringi ya kulia ndiyo ya kushukiwa kwanza. Usitegemee masikio ya abiria, kwani sauti husafiri kwenye ekseli na bodi, na kila niliyewahi kumpakia huapa kwamba inatoka chini ya kiti chake. Mlio wa kugongagonga unaosikika usukani ukikunjwa hadi mwisho, habu za mbele (vitovu vya magurudumu) zikiwa zimefungwa ili injini izungushe na magurudumu ya mbele, kwa kawaida ni wa jointi ya shafti inayolizungusha gurudumu.

Ukirudi, sogeza mgongo wa kiganja karibu na habu zote mbili. Ile yenye joto kuliko mwenzake ina kasoro, lakini breki iliyong'ang'ania nayo huchemsha habu, hivyo joto peke yake si ushahidi wa kutosha.

Ushahidi wenyewe hupatikana gari likiwa juu. Zuia magurudumu ya nyuma, weka ubao mpana chini ya jeki kwa sababu ya mchanga wetu, na uegemeze ekseli juu ya stendi, kwani jeki si ya kuaminiwa. Achia kufuli la habu ili shafti isizunguke, kisha shika tairi juu na chini, usukume na kuvuta. Gurudumu likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki nawe urudie. Kucheza kukikoma, ulegevu uko kwenye beringi za habu, maana breki imeishikilia diski. Kusipokoma, kagua beringi za kingipini, yaani egemeo ambalo gurudumu hugeukia usukani ukikunjwa. Baada ya hapo zungusha tairi polepole, mkono mwingine ukiwa kwenye chuma cha ekseli kilicho nyuma ya diski: beringi iliyoharibika hukwaruza vidoleni kama jiwe la kusagia. Ulegevu usio na mkwaruzo huenda ukatokana na nati ya habu iliyolegea tu, na hapo hakuna cha kununua.

Habu ikivuliwa, itazame grisi kabla haijafutwa. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Habu yenye moto ikitumbukizwa majini ghafla, hewa iliyomo ndani hupoa na kunywea, ikayavuta maji kupitia sili (mpira wa kuzuia grisi isitoke na maji yasiingie), na maji ya chumvi hula chuma upesi. Grisi iliyolainika kwa mafuta ya difu, yaani gia zilizo ndani ya ekseli, huonyesha kwamba sili ya ndani ya ekseli imekufa, na beringi mpya haitadumu kabla sili hiyo haijabadilishwa. Chuma kilichogeuka buluu kimeungua, ama kwa kukosa grisi ama kwa nati kukazwa kupita kiasi.

Mkatalie fundi anayetaka kubadilisha rola (vyuma vidogo vinavyobingirika ndani ya beringi) na kuacha kikombe cha zamani, yaani pete ambayo rola hubingirika juu yake, ndani ya habu; viwili hivyo hulika pamoja na hubadilishwa pamoja, na sili mpya juu yake. Mkatalie pia anayekaza nati kwa tindo na nyundo. Land Cruiser hizi hutaka soketi ya milimita 54, na nati hukazwa huku habu ikizungushwa ili rola zikae, ikalegezwa, kisha ikakazwa tena kwa kipimo cha kitabu cha gari kabla ya kufungwa isirudi nyuma. Nenda hadi Gede, urudi, upime tena joto na ulegevu siku hiyo hiyo.