Shangazi, wifi kanitumia shela halinifungi

Barua ya leo imetoka kwa binti wa Uyole, Mbeya, anafunga ndoa kanisani mwishoni mwa Julai, zimebaki wiki sita. Mama yake alishampeleka kwa fundi Mwanjelwa, wakachagua kitambaa cha krimu, mikono mirefu ya lesi, vipimo vikachukuliwa. Kabla hata advansi haijatoka, wifi yake wa Dar kaingia Kariakoo, kanunua shela jeupe pee, mabega wazi, mkia mrefu, kalipakia kwenye basi. Binti kalijaribu, zipu imegoma katikati ya mgongo. Kumpigia wifi anajibiwa "una wiki sita, jikondeshe, na hiyo krimu yenu ni ya wajane". Mchumba naye anasema "mvumilie tu dada, ndio alivyo". Sasa hivi anakula mara moja kwa siku, anakunywa chai ya kupunguza tumbo, usiku analia. Anauliza afanyeje limtoshe, na akilikataa ukweni watamuonaje.

Ugonile mwanangu. Hiyo chai iache leo, hata kabla hujamaliza kusoma hapa. Nyingi ya hizo chai zinakuharisha tu, maji ndio yanakutoka mwilini, na wewe siku hiyo utaamka alfajiri kwenda saluni, usimame kanisani, upige picha, uingie ukumbini unacheza mpaka usiku, sasa mtu ambaye hajala wiki sita atayafanyaje hayo yote? Mimi sitaki kusikia bibi harusi kaanguka madhabahuni kwa njaa. Kula mwanangu, kula viazi, kula ndizi, kula maharage ya kwenu. Huyo mwanaume amekuchumbia ukiwa na mwili huo huo.

Sasa tuje kwenye shela lenyewe maana usije ukasema Shangazi ana upande. Lipeleke kwa fundi wako aligeuze ndani nje aangalie mishono ya ubavuni, kama kuna akiba ya kitambaa. Mashela ya kiwandani mara nyingi akiba yake ni kidogo sana, na yakiwa ya satini ukifumua mshono matundu ya sindano yanabaki yanaonekana. Njia inayowezekana ni kutoa zipu kabisa, kuweka vitanzi pande zote mbili na kufunga kwa kamba mgongoni, halafu nyuma ya kamba kinashonewa kipande cha kitambaa cha rangi hiyo hiyo ili mwili usionekane. Hapo unapata inchi kadhaa. Mabega unayafunika na kikoti cha lesi, na hili muulize mchungaji mapema maana makanisa mengine mabega wazi hawataki kabisa, na hata wakiruhusu, Julai ya Uyole unaijua mwenyewe, asubuhi unaongea mdomo unatoa moshi. Na likishafika hapo lijaribu ukiwa na sidiria na viatu vya siku hiyo hiyo. Inua mikono, kaa kwenye kiti, piga magoti kabisa, maana kanisani utapiga magoti. Likikubana ukashindwa kuvuta pumzi ukiwa umepiga magoti basi halikufai, hata liwe zuri vipi kwenye picha. Tena mwambie mtu yeyote atakayelinyoosha asiguse ile neti kwa pasi ya moto, inayeyuka hapo hapo inabaki shimo, litundikeni tu lijinyooshe.

Lakini umeniuliza mimi, nakujibu mimi, shona la mama. Umelichagua mwenyewe, vipimo ni vyako, linakaa na baridi ya kwenu, na mama yako ana furaha yake pale ambayo hujaiandika kwenye barua ila mimi nimeiona. Toa advansi wiki hii, fundi mwambie harusi ni wiki mbili kabla ya tarehe yenyewe, mafundi tunawajua, "njoo kesho jioni" yao inaweza kula mwezi mzima.

Hiyo habari ya krimu na wajane isikusumbue. Hii nyeupe yenyewe ilipata umaarufu baada ya Malkia Victoria wa Uingereza kuolewa na gauni jeupe mwaka 1840, kabla ya hapo hata huko kwao watu waliolewa na rangi yoyote waliyokuwa nayo. Na mabibi zetu wa Rungwe walikuwa wanaolewa kabla wamisheni wa Moravian hawajafika 1891, ng'ombe wanatolewa, wazee wanakubaliana, ndoa ni ndoa, shela hawajawahi kuliona.

Sasa kinachoniumiza mimi kwenye barua yako siyo wifi hata kidogo, ni mchumba. Wifi kakosea mdomo, ila hela katoa yake na safari ya Kariakoo kaenda mwenyewe, huyo mtu anakupenda kwa namna yake. Ila huyu anayesema "mvumilie tu" anakuachia wewe mgeni ukapambane na dada yake wa damu, hiyo siyo haki. Mkalishe chini, siyo kwa meseji, umwambie unakula mara moja kwa siku na unalia usiku, nina wasiwasi hata hajui. Halafu yeye ndiye ampigie dada yake, siyo wewe wala mama yako, akishindwa amtumie mshenga au shangazi yake. Aseme hivi tu: "Dada asante sana kwa shela, tumelipokea, limefika salama. Halijamfunga, na sitaki ajikondeshe. Kanisani atavaa alilochagua na mama yake. Tunaomba wewe ndio umvalishe siku hiyo." Hiyo sentensi ya mwisho asiisahau, maana wifi alikuwa anatafuta nafasi kwenye harusi ya mdogo wake, mpeni nafasi. Baada ya hapo wewe mpigie umshukuru, usirudie habari ya saizi wala maneno aliyokwambia.

Atanuna? Anaweza kununa, tena mpaka siku ya sendofu. Akinuna wewe msalimie kama kawaida, shikamoo yake iko pale pale kama kakuzidi umri, na usikae unamsema kwa marafiki zake wala kwenye grupu la kamati. Shela lake lirudishe na risiti kama duka linapokea, kama halipokei basi mrudishie mwenyewe aamue, saluni za Dar zinazokodisha mashela watalichukua. Usilikate wala kulifumua kabla hajajibu, ni mali yake mpaka aseme vingine.