Ukitazama Amour, mtazame anayeuguza

Amour, filamu ya Michael Haneke iliyotwaa Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes, mwaka 2012, simshauri aliye katikati ya kuuguza aitazame. Waonyesheni ndugu zake.

Georges na Anne ni walimu wa muziki waliostaafu, wazee wa miaka themanini na kitu, wanaishi Paris. Anne anapata kiharusi, upasuaji haufanikiwi, upande wa kulia unapooza. Anamsihi mumewe asimrudishe hospitali tena.

Wengi huzungumzia mwisho wake, ambao sitausimulia. Mimi nilinasa kwenye maji. Anne hataki kunywa. Georges anambembeleza, anamnywesha, Anne anayatema. Mzee yule mpole anamzaba kofi, kisha anaomba msamaha. Asiyewahi kuuguza atamlaani. Mimi nilimkumbuka baba, enzi mama amepooza: aliweka kikombe chini, akatoka uani, akasimama kimya. Hakuwa amemkasirikia mama. Alikuwa hajalala.

Kwa hiyo pangeni kwanza zamu ya usiku. Mgonjwa asiyejigeuza hugeuzwa takriban kila saa mbili asipate vidonda, usiku nao umo, na hilo mtu mmoja hawezi, hata apende vipi. Usiulize "nisaidie nini?" Njoo na begi, sema "leo nalala mimi." Hela ya pampasi na sabuni ifike kabla haijaombwa. Na mgonjwa wa kiharusi akipaliwa au kukataa maji, mkalisheni wima na mwambieni daktari. Huenda kumeza ndiko kunakomshinda, msikimbilie kusema ni mkaidi.

Binti yao, Eva, anakuja, analia, anadai lifanyike jambo. Baba yake anamjibu kwamba wasiwasi wake haumsaidii kitu. (Eva wetu alikuwa kwenye grupu la familia, hodari wa kutuma dua na ushauri wa majani.)

Ahadi ya "usinirudishe hospitali" nayo asiibebe mtu mmoja chumbani. Mzungumze mapema, mgonjwa akiwa bado anasema, watoto wote wakisikia.

Kuna mzee atakayekataa kupumzika. Baba alikataa katakata, mpaka tulipomwambia sisi hatujui kuchagua samaki, aende yeye sokoni. Alirudi jioni na vibua vitatu. Kumbe kapitia kwanza kwenye bao.