Mtoto kang'atwa na mbwa anayeonekana mzima: tungoje siku kumi?

SWALI: Daktari, mwanangu wa miaka saba aling'atwa kidole na mtoto wa mbwa wa jirani siku nne zilizopita, wakicheza. Damu ilitoka kidogo, nikapaka mafuta, na sasa kidonda kinafunga. Mbwa huyo hajachanjwa, jirani anasema bado mdogo, ila anakula na kuchezacheza kama kawaida. Wazee wamenishauri tumfunge mbwa siku kumi; akifa ndipo mtoto achomwe sindano. Wengine wanataka mbwa wote wa mtaani wauawe. Nifuate lipi?

JIBU: Mama, mpeleke mtoto hospitali leo. Siku nne zimepita, lakini maadamu hana dalili yoyote, hajachelewa. Kabla hamjaondoka, kioshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, utazame saa. Kirusi cha kichaa cha mbwa kimezungukwa na utando wa mafuta, na sabuni huuvunja utando huo. Lilikuwa jambo la kufanya dakika ile ile alipong'atwa, hata hivyo lifanye sasa. Mafuta, pilipili, majani na chumvi haviui kirusi.

Wazee wako hawakuzitunga hizo siku kumi, nasi madaktari wa mifugo tunazitumia. Zimegeuzwa matumizi tu. Kirusi huanza kuonekana kwenye mate ya mbwa siku chache kabla ya mbwa mwenyewe kuonyesha kwamba anaumwa, na akishaanza kuumwa hufa upesi. Kwa hiyo mbwa aliye hai na mzima siku ya kumi baada ya kung'ata, mate yake hayakuwa na kirusi siku ile. Angalia basi hilo lina maana gani kwenu: mbwa anayechezacheza siku ya nne bado hajathibitisha lolote.

Ndiyo sababu sindano na uangalizi wa mbwa huanza pamoja. Mbwa akifika siku ya kumi salama, daktari anaweza kuzisimamisha sindano zilizobaki, na mtoto hatakuwa amepoteza kitu. Akifa, akiugua au akitoroka, mtoto atakuwa tayari ana kinga inayojengeka, naye atamaliza dozi zote. Ukingoja kwanza, unakipa kirusi siku hizo bure. Kikishaingia kwenye mshipa wa fahamu hupanda taratibu kuelekea ubongoni, safari ambayo mara nyingi huchukua miezi miwili au mitatu, lakini yaweza kuwa wiki moja tu. Kidole kina mishipa mingi ya fahamu, na mkono wa mtoto ni mfupi. Dalili zikianza, yaani homa, kuwashwa pale alipong'atwa, kushindwa kumeza maji, karibu hakuna anayepona, hata apelekwe hospitali gani. Mimi ninayetibu wanyama naandika haya kwa uchungu, kwa sababu kila mara kidonda kinachodharauliwa ni hiki hiki kidogo kilichofunga chenyewe.

Huko hospitali sema wazi kwamba damu ilitoka. Jeraha lililochubua ngozi hadi damu huhitaji chanjo pamoja na kingamwili zilizo tayari, ambazo hudungwa kwenye kidonda chenyewe na kukizunguka, zilinde wakati mwili wake haujatengeneza zake. Muulize daktari kuhusu hizo, usione aibu. Chanjo yenyewe huanza siku mnayofika, hurudiwa siku ya 3 na ya 7, na kwa ratiba nyingine huendelea hadi siku ya 14 au 28. Kama mtoto ameshatishwa na habari za sindano nyingi za tumboni, mtulize: hizo ni za zamani, siku hizi anachomwa mkononi.

Sasa huyo mbwa. Asiuawe. Afungwe mahali salama, apewe chakula na maji, na mtaalamu wa mifugo apewe taarifa. Msitazame ukali peke yake. Mbwa mwenye kichaa anaweza kuwa mpole kupita kiasi, akajificha gizani, sauti ikabadilika, taya likalegea na mate kuchuruzika. Hapo mtu humhurumia, akidhani amekwamwa na mfupa, akaingiza mkono kinywani. Msithubutu. Akifa, msimzike wala msimpige kichwani: ubongo ndio unaopimwa.

Jirani naye amekosea kwa nia njema. Mtoto wa mbwa huugua na huambukiza kama mbwa mkubwa, na katika kampeni za chanjo tunawachanja hata walio chini ya miezi mitatu, kisha hurudiwa kwa ratiba.

Kuhusu kuua mbwa wote, nawaelewa wenye hofu, lakini njia hiyo haijawahi kuukomesha ugonjwa. Wenye mbwa huwaficha, waliochanjwa huuawa pamoja na wasiochanjwa, na nafasi inayobaki hujazwa na mbwa wageni wasiojulikana. Kinachoukata mnyororo ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo zima, mwaka hadi mwaka. Wote hao, wa ndani na wa kuzurura.

Ongea pia na watoto wa hapo mtaani. Katika kila watu kumi wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa duniani, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15, na wengi wao hunyamaza wakiogopa kugombezwa kwa kumchokoza mbwa. Wako alikwambia, jambo ambalo linastahili kusifiwa mbele ya wenzake.

Hesabu siku kumi kuanzia siku aliyong'atwa, si kuanzia leo, na mweleze daktari kila badiliko unaloliona kwa mbwa. Akivuka salama, jirani amlete achanjwe siku hiyo hiyo.